Ndoa Haijamuua Shujaa Yeyote

Mashabiki wa katuni za mashujaa wana imani moja waliyoimeza bila kutafuna: kwamba ndoa inaua hadithi. Shujaa akioa, wanasema, kazi imekwisha. Atazeeka, ataanza kuhangaikia kodi ya nyumba na karo ya mtoto, vijana hawatajiona tena ndani yake, na mwandishi atakosa pa kumpeleka. Nimewasikia wasomaji wa Nairobi na wa Dar es Salaam, watu wasiojuana hata kwa sura, wakiisema kwa maneno yaleyale. Hawakuitunga wao. Imeshuka kutoka kwa wahariri wa Marvel na DC, kampuni za katuni huko Marekani, ikarudiwa miaka nenda miaka rudi mpaka ikaonekana ni busara. Mimi nasema ni uvivu, na uvivu huo umetunyima hadithi nzuri mno.

Shahidi wao mkuu ni Peter Parker, Spider-Man, basi tuanze naye. Alimwoa Mary Jane Watson mwaka 1987, katika toleo la mwaka la Amazing Spider-Man, nambari 21. Wakati ule Marvel hawakuiona ndoa kuwa balaa. Waliandaa harusi ya maonyesho katika uwanja wa besiboli wa Shea, New York, waigizaji wakavaa kama bwana na bibi harusi, na Stan Lee mwenyewe, mmoja wa waliomuumba Spider-Man, akawafungisha mbele ya umati. Gauni la bibi harusi lilibuniwa na Willi Smith, mbunifu wa mavazi aliyekuwa na jina kubwa Marekani.

Ndoa hiyo ilidumu miaka 20. Je, hadithi ilikufa? Mwaka uleule wa harusi, mwandishi J.M. DeMatteis na mchoraji Mike Zeck walitoa Kraven's Last Hunt, ambayo mpaka leo hutajwa miongoni mwa hadithi bora kabisa za Spider-Man. Kraven mwindaji anampiga Peter risasi ya dawa, anamzika akiwa hai, kisha anavaa vazi lake na kuzunguka mjini usiku. Wiki mbili Mary Jane anakaa katika nyumba yao, mvua ikinyesha, hajui kama mumewe yuko hai. Anapotoka nje wahuni wanamvamia, na mtu mwenye vazi la Spider-Man anamwokoa kwa ukatili mkubwa. Jiji zima limedanganyika na vazi lile. Mary Jane anajua palepale kwamba huyu si mume wake.

Huko chini Peter anafumbua macho ndani ya jeneza, na kinachompa nguvu ya kuuchimbua udongo ni kumfikiria mkewe. Ukiitoa ndoa katika hadithi hiyo, inabaki mbio za mwindaji na mawindo. Kaburi linatisha kwa sababu juu yake kuna mtu anayesubiri. Mwaka uliofuata alikuja adui mpya, Venom, na hofu ya kwanza kabisa aliyoileta ilikuwa kumsubiri Mary Jane gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shujaa mwenye nyumba ana mlango ambao adui anaweza kuuvunja. Shujaa asiye na nyumba ana paa za maghorofa tu, na paa hizo tumeziona vya kutosha.

Mwaka 2007 Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel, aliivunja ndoa hiyo katika hadithi ya One More Day, akaichora kwa mkono wake. Hoja yake ilikuwa ileile: Peter aliyeoa hana mvuto wa ujana, na kumpa talaka au kumfanya mjane kungemzeesha zaidi. Basi ndoa ifutwe, iwe kama haikuwahi kuwapo. Hata mwandishi wake, J. Michael Straczynski, alijitenga hadharani na mwisho wa hadithi hiyo.

Angalieni ilivyofutwa, maana hapo ndipo imani hii inapojianika yenyewe. Shangazi yake Peter, May, amepigwa risasi na yuko mahututi. Anakuja Mephisto, ibilisi wa Marvel, anasema atamponya kwa bei moja: ndoa yao. Roho ya Peter haitaki. Anaitaka ndoa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, upendo kama wao ni adimu na kuuharibu ni ushindi kwake. Na kabla ya usiku wa manane kuwadia, Peter na Mary Jane wanafahamishwa kwamba msichana mdogo mwenye nywele nyekundu aliyejitokeza katika hadithi ni binti ambaye wangemzaa, na ambaye sasa hatazaliwa.

Someni tena hilo. Katika hadithi iliyoandikwa ili kututhibitishia kwamba ndoa ni mzigo, anayetaka ndoa ivunjwe ni ibilisi, na kinachopotea ni mtoto. Hawakuweza kupata mtu mwema hata mmoja wa kuitetea hoja yao ndani ya kitabu.

DC nao wakaingia katika mtego huohuo. Mwaka 2013 waandishi wa Batwoman, J.H. Williams III na W. Haden Blackman, waliondoka baada ya kukatazwa kumwozesha Kate Kane, ndiye Batwoman, na mpenzi wake Maggie Sawyer. Dan DiDio, mmoja wa wakuu wa DC, akaeleza kwamba mashujaa wao hawapaswi kuwa na maisha ya furaha nyumbani, kwa kuwa wameyatoa sadaka kwa ajili ya wengine. Miaka mitano baadaye, Julai 2018, Batman alipanda juu ya paa kumwoa Catwoman katika toleo la 50 la Batman, lililoandikwa na Tom King. Catwoman hakufika. Alikuwa ameshawishika kwamba Batman mwenye furaha hawezi kuwa Batman, kwa hiyo kumpenda kweli ni kumwacha. Ukifungua ukurasa wa mwisho unakuta aliyepanga ushawishi huo: Bane, adui wa Batman, akiwa na kundi lake katika hospitali ya wendawazimu ya Arkham. Itikadi iliyokuwa ikitawala ofisi za DC iliwekwa katika mdomo wa adui kama silaha ya kumvunja Batman. King, naamini, alijua alichokuwa anakifanya. Wasomaji wengi waliifunga katuni wakiwa na hasira na harusi iliyokosekana, wala hawakusikiliza nani aliyeizuia.

Niseme pia jambo ambalo mashabiki wanaume hulipita haraka. Gharama ya imani hii wamelipa wanawake. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, alikufa mwaka 1973 katika toleo la 121 la Amazing Spider-Man, na Gerry Conway, aliyeiandika hadithi hiyo, alieleza kwamba uhusiano wake na Peter ulikuwa umefika mahali ambapo hatua iliyobaki ilikuwa ndoa, na ndoa ingeusaliti msingi wa Spider-Man. Kati ya kumfikiria msichana huyu upya na kumtupa kutoka darajani, wakachagua daraja. Kifo kile kiliandikwa kwa ufundi mkubwa, sikatai, na kimenitia uchungu kila nilipokisoma. Lakini kilifundisha kizazi kizima cha waandishi kwamba mwanamke anayekaribia kuwa mke anafaa zaidi akiwa maiti. Mwaka 1994 Green Lantern Kyle Rayner alirudi nyumbani akamkuta mpenzi wake, Alexandra DeWitt, ameuawa na kusokomezwa ndani ya friji. Mwaka 1999 Gail Simone, kabla hajawa mwandishi maarufu wa katuni, alikusanya orodha ya wanawake waliouawa, kubakwa au kunyang'anywa nguvu zao ili mwanamume apate sababu ya kukasirika. Orodha ilikuwa ndefu. Ukishaamini kwamba mapenzi yaliyokomaa hayana hadithi, mwanamke anabaki na kazi mbili tu: kukimbizwa na kuzikwa.

Wenzetu hujibu kwamba katuni hizi ni za ngumi na mavazi, mapenzi ni viungo tu. Historia yao wenyewe inawakana. Jack Kirby, aliyewaunda Fantastic Four pamoja na Stan Lee, ndiye aliyeanzisha pamoja na Joe Simon katuni ya Young Romance mwaka 1947, wakafungua njia ya mamia ya katuni za mapenzi. John Romita alichora katuni za mapenzi za DC kwa miaka kabla ya kukabidhiwa Spider-Man mwaka 1966. Uso wa Mary Jane tuliouona kwa mara ya kwanza katika toleo la 42, baada ya kufichwa kwa muda mrefu, ulichorwa na mkono uliojifunza kazi kwa kuchora wasichana wakisubiri barua. Chini ya Romita, Spider-Man akapanda kuwa nguzo ya mauzo ya Marvel. Mapenzi yalikuwamo jikoni tangu mwanzo.

Na waliooana zamani hawakuzikwa na ndoa. Reed Richards na Sue Storm wa Fantastic Four walifunga yao mwaka 1965, wakamzaa Franklin mwaka 1968, na sinema ya Fantastic Four ya 2025 ikawekeza kila kitu kwa mke mjamzito na mtoto mchanga. Kuhusu watoto kutojiona kwa shujaa aliyeoa, The Incredibles ya mwaka 2004 ni habari ya mume, mke na watoto watatu, na watoto wa dunia nzima waliijaza sinema.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mister Miracle, iliyoandikwa na Tom King na kuchorwa na Mitch Gerads kati ya 2017 na 2018. Katika toleo la sita Scott Free, ndiye Mister Miracle, na mkewe Barda wanajipenyeza katika ngome iliyojaa mitego na walinzi. Wanaruka, wanapigana, wanavuja damu, na muda wote huo wanajadili jinsi ya kupanga upya nyumba yao: kuta zipi zibadilike, vitu viwekwe wapi. Mjadala unakwenda kwa upole, kama wa watu waliozoeana, huku maiti zikianguka kandoni. Mwishoni inajulikana kwa nini Barda anataka nafasi iongezwe. Ni mjamzito. Sijaona vita katika katuni za DC vyenye ukaribu kama huo, na haiwezekani kuviandika juu ya wachumba waliokutana juzi. Kirby alipomuumba Barda alichota mengi kwa mkewe Roz. Alijua ndoa imara ina nguvu gani juu ya karatasi.

Kwa msomaji wa Kenya kuna jeraha la karibu zaidi. Storm, shujaa wa Marvel na binti wa mama Mkenya, aliyetambulishwa mwaka 1975 akiabudiwa kama mungu wa mvua nchini Kenya, aliolewa na T'Challa, mfalme wa Wakanda, mwaka 2006. Harusi ilipigiwa debe. Mwaka 2012 ndoa ikafutwa kwa maneno machache, baada ya Namor, mtawala wa baharini, kuifurikisha Wakanda. Nakubali kwamba ndoa ile iliharakishwa na wahusika hawakupewa muda wa kupendana mbele yetu. Basi dawa ilikuwa kuiandika vizuri zaidi. Malkia mwenye mvua mkononi na mfalme asiyejua kugawana uamuzi na mtu yeyote: hapo kuna miaka kumi ya hadithi, na waliiacha.

Tangu 2007 Marvel wameendelea kumnyima Peter mke. Mwaka 2022 walituletea Mary Jane akiishi na mwanamume anayeitwa Paul na kulea watoto wawili, na baadaye watoto hao wakageuka kuwa kazi ya uchawi na kutoweka. Kwa hiyo nyumba, mwenzi na watoto havikuwa tatizo, ilimradi Peter asiwe ndiye mwenye nyumba. Kisha Januari 2024 Jonathan Hickman na Marco Checchetto wakatoa Ultimate Spider-Man, katika ulimwengu mwingine, ambamo Peter ni mtu mzima, mume wa Mary Jane, baba wa Richard na May, na ndipo anapata nguvu zake. Vazi lake linajadiliwa na binti yake. Toleo la kwanza lilichapwa tena na tena kwa sababu lilikuwa likiisha.

Wahariri wa Marvel hawana tena cha kusingizia. Mkataba na Mephisto uliandikwa na watu wenye mishahara katika ofisi ya New York, na watu hao wanaweza kuufuta kwa toleo moja. Waufute, na wampe Mary Jane mwandishi anayetaka kujua mke wa Spider-Man hufanya nini wiki mbili za mvua.