Feza ya misioni ni ya kula



Umepewa karatasi ya misioni. Unakwenda Kolwezi siku nne, ao Kinshasa wiki mbili. Na mbele ya kufunga sanduku, wengi wetu tunapiga hesabu: nikila mara moja tu kwa siku, nitarudi na feza ngapi? Hesabu hiyo ninaijua, kwani mimi mwenyewe niliipiga.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kusindikiza mgonjwa mpaka Kinshasa. Siku kumi nilikula mkate na karanga, nikalala kwa jamaa, juu ya mkeka, bila chandarua. Nikarudi na kikwembe kizuri kwa bibi yangu. Siku ya tisa baada ya kurudi, homa ikaniangusha. Bibi yangu alikivaa kikwembe kile mara ya kwanza alipokuja kunitazama hospitalini. Mimi, msaidizi wa munganga, ninayewasemesha wengine kila siku! Wagonjwa wangu walicheka, na walikuwa na haki.

Mbu wa malaria huuma tangu jioni mpaka alfajiri. Lakini ugonjwa hauonekani kesho yake: mara nyingi huanza kisha siku 7 mpaka 15, pengine zaidi. Kwa hiyo mtu anafika nyumbani mzima, kisha akisikia baridi na maumivu ya kichwa anasema: «Ni uchovu wa njia.» Anameza vidonge vya sokoni, anangoja. Musingoje. Ukipata homa kisha safari, kuja siku ileile wapime damu, na useme ulikuwa wapi. Chandarua kinaingia katika sanduku pamoja na mashati, hakina uzito.

Feza ya misioni haikutolewa kama zawadi. Ni bukari yako, sombe yako, samaki yako na kitanda chako. Kula chakula cha moto, kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Anayekwenda upande wa ziwa, kama Kalemie, ajue kwamba kolera hurudi huko mara kwa mara: maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni. Kuhara kukianza, litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kunywa kidogo kidogo, huku ukienda kwa munganga. Wenye ugonjwa wa tansio ao wa sukari wachukue dawa za siku zote za safari na siku 3 zaidi, ndani ya mfuko wa mkononi. Sanduku linaweza kupotea, tansio haipotei.

Sasa neno kwa wakubwa wa kazi, nao wasikasirike. Toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometre 300. Shofere aliyetoka kazini usiku, kisha akaamshwa saa kumi ya alfajiri kwa kupeleka watu, si shofere tena, ni mtu anayesinzia na usukani mkononi. Wanampa kahawa. Kahawa inafungua macho kwa muda kidogo, lakini usingizi unabaki palepale unamngoja. Kwa mawazo yangu, mkubwa anayetia sahihi karatasi ya misioni aulize kwanza: shofere huyu alilala saa ngapi? Na kisha kila saa mbili gari isimame, watu wote washuke, wanyooshe miguu. Kununua makala njiani si kupumzika, hata kama tunasema hivyo.

Na wewe unayesafiri, pita dispensari siku moja mbele, si asubuhi ya kuondoka wakati gari inapiga honi. Leta karata yako ya chanjo. Ile ya homa ya manjano, tangu mwaka 2016 sindano moja inahesabiwa kwa maisha yote, basi usikubali mtu akuambie kwamba imepita miaka 10 imekufa. Tutapima tansio yako, tutatazama dawa zako. Ni kazi ya dakika chache.