Tusidanganyane: Kuzima Ruta na Kuwasha Siyo Jibu

Wadau, kuna jibu moja ambalo kila mpenzi wa gemu za mtandaoni analijua kwa moyo: "Zima ruta, subiri dakika moja, washa." Piga simu huduma kwa wateja useme huwezi kuingia kwenye seva ya Minecraft ya rafiki yako, utaambiwa hivyo. Sema rafiki yako ndiye anayeshindwa kuingia kwenye ya kwako, utaambiwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga mara tatu kwa kampuni moja (jina kapuni) na mara zote tatu nikazimishwa ruta. Tatizo likabaki palepale.

Jamani, matatizo haya yana sababu, na sababu zenyewe zinajulikana. Anayejua kusoma anaweza kuzipekua moja baada ya nyingine.

Tuanze na ujumbe wa kosa, ambao wengi wetu tunaufunga haraka kama bili ya maji. Ukiambiwa muunganisho umekataliwa, kwa kawaida maana yake ombi lako limefika kwenye kompyuta fulani, ila hapo mlangoni hakuna programu inayosikiliza. Seva imezimwa, au umekosea poti. Ukiambiwa muda umeisha, hakuna aliyejibu kabisa: anwani si sahihi, au kuna kizuizi njiani kinachomeza ombi kimya kimya. Ukiambiwa toleo lako limepitwa na wakati, hapo mtandao hauna kosa lolote. Sasisha gemu yako, uache kumtukana mtu wa faiba. Na wakati mwingine seva haipo tena duniani. Mwaka 2014 GameSpy ilipofunga huduma zake, gemu nyingi za zamani zilipoteza mahali pa kukutanishia wachezaji, na hakuna ruta ambayo ingeziokoa.

Kama seva ni ya kwako, fanya majaribio matatu kwa mpangilio. Kwanza, ingia ukiwa kwenye kompyuta ileile, kwa kuandika localhost. Ikigoma, tatizo ni seva yenyewe. Pili, mwambie ndugu yako wa chumba cha pili aingie kwa anwani ya ndani, ile ya 192.168 na kuendelea. Ikigoma, angalia faiwoli ya kompyuta. Tatu, mwambie rafiki aliye nje ajaribu kwa bando la simu yake. Hapo ikigoma, nenda kwenye ruta uelekeze poti 25565, ambayo ndiyo ya kawaida kwa Minecraft ya Java, iende kwenye kompyuta yako. Kila hatua inakuonyesha wa kulaumiwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Unaweza kufanya yote hayo sawasawa na bado mtu wa nje asiingie. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani ya upande wa intaneti, kisha ilinganishe na anwani ambayo tovuti za nje zinakuona nayo. Zikitofautiana, na hasa ya kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Safu hiyo ya namba ilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa.

Mnakumbuka sanduku la posta la shule? Wanafunzi mia kadhaa, S.L.P. moja. Chukulia karani wake hafuati majina, anakumbuka tu nani aliandika kwa nani. Ukituma barua, majibu yatakufikia. Barua ya mtu ambaye hujawahi kumwandikia ikija, hajui ampe nani, anaitupa. Ndivyo ilivyo hapa. Kucheza kwenye seva za wengine unaweza. Kukaribisha watu kwako huwezi, hata uwashe na kuzima ruta mpaka swichi ing'oke.

Makampuni yana utetezi, na ni wa kweli. Anwani za IPv4 ni bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, wanaozigawa kwa Afrika, wamekuwa wakizitoa kwa kipimo kidogo tangu 2020 baada ya akiba kupungua. Sawa. Lakini uhaba hauzuii mtu kusema ukweli. Mteja anapojaza fomu, aambiwe: utapata anwani yako peke yako au ya kuchangia? Ya peke yako ni shilingi ngapi kwa mwezi? Na IPv6, ambayo haina uhaba huo, mnaiwasha lini?

Tudanganywe kidogo pia kuhusu kasi? Hapana. Gemu ikikwama wanakuuzia kifurushi kikubwa zaidi. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Dar hadi London ni karibu kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 75 hata kabla ya mizunguko ya mkongo baharini. Megabiti 100 haziufupishi umbali huo. Ni kweli tumetoka mbali: kabla ya mkongo wa SEACOM kufika mwaka 2009, tulitegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, na pingi ilizidi nusu sekunde. Ila dawa ya umbali ni seva kuwa karibu. Kwa hiyo chagua seva za Afrika Kusini kama gemu inazo, tumia waya badala ya wifi, na tudai seva ziwekwe hapa kwetu.

Kuna watakaosema, "Ndugu mwandishi, nchi ina matatizo mengi, wewe unaandika gemu?" Naandika gemu kwa sababu kijana anayejifunza kufungua poti kwa ajili ya Minecraft anajifunza kazi ileile ya kuendesha seva ya duka, ya shule au ya zahanati. Wengi huanzia hapo, kwa mchezo. Tukimfungia mlango bila hata kumwambia umefungwa, tunamfundisha kwamba intaneti ni kitu cha kununua tu, na wenye kuitengeneza ni watu wa mbali.

Angalieni anwani zenu leo, halafu mpigie simu makampuni yenu mkaulize. Wakiwaambia mzime ruta, waambieni mmeshazima.

Nawasilisha.