Deni Lako Halimhusu Mama Mkwe Wako

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo naomba tuache mbolea kidogo.

Namba yangu imo kwenye simu za watu wengi hapa Makanyagio. Kazi ya ugani ndivyo ilivyo, viwavijeshi vikiingia kwenye mahindi lazima nipigiwe. Lakini siku hizi napokea meseji za namna nyingine. Mtu nisiyemjua ananiambia kwamba mkulima fulani ni tapeli, anadaiwa, mimi ndiye mdhamini wake, nimwambie alipe kabla ya saa kumi. Sijamdhamini mtu yeyote. Kosa langu ni kuwa kwenye orodha ya majina ya simu yake.

Meseji kama hiyo imeshafika kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa mtoto, kwa wenzake wa kikoba. Mama aliyekopa ili alipie palizi anaacha kwenda sokoni kwa aibu. Asipokwenda sokoni hauzi, na asipouza hilo rejesho litatoka wapi?

Wapo watakaosema, "Dawa ya deni kulipa." Sawa, na mimi nasema ulipe. Deni halali lilipwe, na ukiona mvua imekuangusha, nenda mapema kwa mkopeshaji muongee upya tarehe, na mkikubaliana mwandikiane. Ninachokataa ni hii fikra kwamba mtu akishadaiwa hana haki tena. Kudai ni haki ya mkopeshaji. Kumtangaza mtu kwa ukoo mzima si kudai.

Utetezi wao naujua: "Ulibonyeza kukubali." Ulikubali kwa niaba yako. Mama mkwe wako alibonyeza wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana, zisigeuzwe kwa matumizi mengine. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Faini yake haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hiyo haikuweka pembeni watu wenye madeni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba baadhi ya wanaotukana hivyo hawana hata ruhusa ya kukopesha. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikawaonya wananchi wasiyatumie. Kwa hiyo anayekutisha kwa polisi, huenda yeye ndiye anayewaogopa polisi.

Sasa ufanye nini? Usifute meseji hata moja, hata ile inayokutia aibu. Hiyo ndiyo ushahidi wako. Ipige picha ya skrini, namba na tarehe vionekane. Akipiga, muulize jina lake, kampuni yake na namba ya leseni, na umtake akutumie hesabu ya deni kwa maandishi: ulichukua ngapi, umelipa ngapi, riba ngapi. Wengi hapo hukata simu. Kisha mwandikie ujumbe mmoja, bila matusi: deni hili ni langu, wasiliana na mimi tu, wengine hawahusiki. Halafu ingia kwenye mipangilio ya simu, uondoe ruhusa ya programu hiyo kusoma majina na picha zako. Majina waliyokwisha kuyachukua hayarudi, lakini mapya hawatayapata.

Akiendelea, peleka ushahidi polisi, na malalamiko yako kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama mkopeshaji ana leseni, ukishamlalamikia mwenyewe bila majibu, nenda Benki Kuu.

Kwa wale wa kausha damu wanaokuja mlangoni kubeba godoro na sufuria: kama kitu hicho hakikuandikwa kuwa dhamana na hana amri ya mahakama, hana ruhusa ya kuingia ndani kwako. Muite mwenyekiti wa mtaa aje kabla chochote hakijatoka. Na kadi ya benki usimwachie mtu, wala namba ya siri.

Nanyi mnaopokea hizo meseji za jirani yenu, kisha mnazirusha kwenye kundi la WhatsApp na kucheka: kazi ya mdai mnamfanyia bure. Mimi za kwangu nimezitunza zote. Wahusika nimewaita mmoja mmoja, nikawaonyesha, na wawili tayari tumekaa tukaandika malalamiko. Kama na wewe umetumiwa, njoo na simu yako ikiwa na chaji.