Kamera: Kununua au Kukodi?

Baada ya darasa ya akina mama juma lililopita, dada yetu mmoja wa Kibokoni alibaki nyuma akatuletea swali tusilolitarajia. Yeye huuza achari ya embe na viungo vya biriani kutoka jikoni kwake, na alitaka kutengeneza video fupi ya kuitangaza biashara kabla ya Ramadhani. Kijana mmoja wa dukani alimshauri anunue kamera. Pesa za zamu yake katika chama, alizoziweka kwa karo ya binti yake, hazikutosha, na upungufu akaambiwa aukope kwa simu. Afanyeje?

Tulianza na hesabu. Tuseme kamera ni shilingi 84,000, na kuikodi ni shilingi 3,500 kwa siku. Bei ya kununua ni sawa na siku 24 za kukodi. Dada huyu ana haja ya kupiga video mara mbili tu kwa mwaka, Mlisho kwa ajili ya Ramadhani na Mfungo Tatu kwa ajili ya Idi ya kuchinja. Ataitumia miaka 12 ndipo bei irudi, na unyevu wa pwani yetu huotesha kuvu ndani ya lenzi ya kamera inayokaa kabatini bila kutumika. Ama ule mkopo wenye nyongeza, hiyo ni riba, na ubaya wake haupungui kwa kuwa kinachonunuliwa ni chombo cha rizki ya halali. Lau muuzaji angekubali kulipwa kidogo kidogo kwa bei moja iliyokatwa siku ya kuuziana, isiyopanda mtu akichelewa, hapo pasingekuwa na kizuizi.

Kukodi ni ijara, na sharti zake zajulikana: manufaa yajulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Kuambiwa "chukua tu, tutaelewana ukirudisha" hakutoshi. Siku moja ni saa ngapi? Betri ya pili na taa zimo katika bei hiyo? Na yaandikwe, hata kama mwenye kamera ni mwana wa shangazi.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Twadhani kuazima kwa jirani ni salama kuliko kukodi, kwa kuwa ni bure. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mambo ni kinyume. Kilichoazimwa kikiharibika kwa lisilokuwa tumizi lililoruhusiwa, mwazimaji hukilipa hata kama hakuzembea. Kilichokodiwa ni amana mkononi mwa aliyekodi. Kikiharibika naye hakuzembea wala hakupita mipaka ya makubaliano, halipi, na mwenye mali hana haki ya kuzizuia pesa zilizowekwa kama rahani. Lakini kamera iliyoachwa kando ya sufuria ichemkayo mafuta, huo ni uzembe, na hapo dhamana yarudi. Kadhalika mwenye kuizuia baada ya muda kwisha ilhali mwenyewe aitaka.

Liko lingine lililotusumbua zaidi kuliko pesa. Mama mmoja alirudisha kamera ya kukodi na kadi ya kumbukumbu ikiwa ndani, na humo mlikuwa na picha za mabinti zake jikoni, vichwa wazi, walipokuwa wakifanya majaribio. Kufuta hakukuwa kumtosha, kwani picha iliyofutwa yaweza kufufuliwa kwa programu za kompyuta. Basi kadi iwe yako mwenyewe, uitie kabla ya kuanza na uitoe kabla ya kurudisha. Na anayepiga awe mwanamke wa nyumbani. Achari haihitaji uso wa mtu. Mikono, embe, pilipili na chupa vyatosha, na mteja ndivyo atakavyo kuviona.

Vitu vidogo, kinyume chake, tulimshauri anunue: kisimamio cha miguu mitatu na maikrofoni ya kubana nguoni. Hivyo ni vya bei nafuu, hufanya kazi na simu, na sauti mbaya humkimbiza mtazamaji upesi kuliko picha hafifu. Alipojaribu mara ya kwanza kwa simu yake tupu, sauti iliyosikika ilikuwa ya feni na tuktuk za njiani.

Mwishowe hata kamera hakuikodi. Alinunua vile viwili, akazima feni, akaiweka simu kando ya dirisha asubuhi, na binti yake akapiga. Karo imelipwa. Akiona haja ya kamera ifikapo Mfungo Tatu, ataikodi kwa siku moja, na maandishi ya mkataba tumekwisha msaidia kuyapanga.

Swali la rahani ya dhahabu tuliloletewa kutoka Malindi tutalijibu juma lijalo, inshaallah.