Nani Kasema Jibini ni ya Wazungu?

Jibini nilionjeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, nikiwa mwanachuo katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa sayansi alikata vipande vidogo, kila mtu chake, ili tuone jinsi vijidudu vinavyoweza kumtumikia binadamu badala ya kumdhuru. Tulicheka. Mwenzangu mmoja alisema inanuka soksi. Mimi nilitafuna mara mbili, nikaenda dirishani kutema. Kwa miaka mingi nilijivunia kitendo kile, kana kwamba nilikuwa nimekataa kutawaliwa.

Leo nina umri wa miaka sabini na ushei, nimestaafu ualimu mkuu, naishi hapa Mpanda, na nasema wazi: siku ile nilitema chakula. Kurasa hizi naandika kubishana na kijana yule wa dirishani, pamoja na wote wanaomwiga mpaka leo.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba jibini ni chakula cha Wazungu. Naisikia sokoni, misibani, hata kwa walimu wenzangu. Lakini jibini ni nini hasa? Ni maziwa yaliyogandishwa, yakachujwa maji yake na kutiwa chumvi. Basi. Mama wa Kisukuma anayetikisa kibuyu, na mama wa Ethiopia anayepasha moto mtindi uliokwisha kutolewa siagi ili apate jibini nyeupe waiitayo ayib, wanafanya kazi ile ile ya fundi wa jibini wa Uswisi: wanayazuia maziwa yasiharibike. Neno lenyewe "jibini" tumelipata kwa Waarabu, si kwa Wazungu. Na kama tunakataa kila kilichotoka ng'ambo, ndugu msomaji, basi tuanze na ugali, maana mahindi asili yake ni Amerika. Mbona huo hatuutemi?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Wazee wetu husema, "Sisi si watu wa maziwa, tukinywa, tumbo linanguruma." Ni kweli. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe waliishi katika misitu ya miombo yenye mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe. Waliishi kwa kilimo, asali, samaki na nyama ya porini. Makundi makubwa ya ng'ombe yaliingia hasa na Wasukuma waliohamia huku tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo tumbo halidanganyi. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa umo katika damu ya ukoo, na kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata kwa njia yao wenyewe, tofauti na watu wa Ulaya. Asiye na uwezo huo hana kosa.

Lakini hapo ndipo wazee wanapoachia hoja njiani. Kinachowasumbua ni sukari ile, si maziwa yote. Yakigandishwa, vijidudu hula sehemu ya sukari hiyo na kuigeuza uchachu. Yakifanywa jibini, sehemu kubwa ya sukari huondoka na maji yanayochujwa, na katika jibini ngumu iliyokaa miezi hubaki kidogo sana. Yaani mwenye tumbo la kunguruma ndiye hasa anayefaa kula mgando na jibini! Anayekataa jibini kwa sababu maziwa mabichi yalimsumbua ni sawa na anayekataa muhogo mkavu kwa sababu muhogo mchungu ulimlewesha.

Hoja ya tatu ni ya wenye presha na wanaoogopa mafuta. Hao nawaambia: kiasi. Kipande cha jibini ngumu chenye ukubwa wa kibiriti, kama gramu 30, kina takriban gramu 7 za protini na miligramu 200 za madini ya chokaa, ambayo ni moja ya tano ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Kina mafuta, kina na chumvi. Kwa hiyo mgonjwa wa presha ale kidogo na aulize daktari wake. Lakini anayeogopa kibiriti kimoja cha jibini huku anakunywa soda mbili na kula chipsi zinazoogelea mafuta, huyo haogopi ugonjwa, anaogopa ugeni.

Hoja ya nne ni bei, na hapo nakubali. Kilo moja ya jibini ngumu hula kama lita 10 za maziwa, ikafungwa, ikasafirishwa kwa baridi kutoka mbali. Si mshahara wa mwalimu huo. Tena kuwa na kiwanda si dawa yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Rukwa, mkoa ambao Katavi ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, walikuwa karibu nusu. Iringa na Njombe, mikoa inayosifika kwa maziwa na jibini, ilizidi nusu. Udumavu una sababu nyingi, lakini moja haifichiki: chakula bora kinapandishwa gari kwenda kuuzwa, mtoto anabaki na ugali.

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi bondeni. Masika yale alinijia mfugaji wa Kisukuma, akaketi nje ya ofisi mpaka mapumziko. "Mwalimu," aliniambia, "maziwa yananishinda, hata ndama wameshiba. Nitaleta ndoo mbili kila asubuhi kwa watoto wa shule. Nami naomba wanangu waandikishwe." Kamati ya shule ilikataa. Ng'ombe wake walikuwa wameingia katika mashamba ya watu, na hasira ilikuwa ya haki. Lakini kumnyima mtoto maziwa hakukurudisha hata hindi moja. Barua ya kukataa niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, nikagonga mhuri. Maziwa yalimwagwa. Wanawe hawakuandikishwa. Watoto wetu waliendelea kusinzia saa tano, nami nikiwachapa kwa kusinzia.

Basi, kwa kuwa nimechelewa kulipa deni hilo shuleni, nalilipa jikoni. Masika maziwa yakiwa tele, mimi na mama wa nyumbani kwangu hununua lita 5. Tunayachemsha kabisa, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa itokanayo na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe. Tunaepua, tunakamulia limau kidogo kidogo huku tukikoroga, mpaka mabonge yatengane na maji. Tunachuja kwa kitambaa safi, tunatia chumvi kidogo, tunakandamiza kwa jiwe lililooshwa. Jioni tuna jibini nyeupe. Tunaila na viazi vitamu, au tunaikaanga na nyanya na vitunguu ikawa kitoweo cha ugali. Maji yake tunapikia uji. Haihitaji mashine wala mfadhili. Haikai muda mrefu, lakini kwangu haijawahi kulala siku mbili, wajukuu wanahakikisha.

Sidai kwamba jibini ichukue nafasi ya maziwa ya mama, maharage au dagaa wa Tanganyika. Nadai ipewe kiti mezani. Walimu wakuu mlioko kazini, masika ijayo mfugaji akiketi nje ya ofisi zenu, msiandike barua. Mkaribisheni ndani, waandikisheni wanawe, kisha tafuteni sufuria kubwa na malimau.