Mgeni na Mlango wa Benki

Mtu aliyezaliwa mahali, akasoma hapo na kuajiriwa hapo, aghalabu haikumbuki siku aliyofungua akaunti yake ya benki, kwani jambo lenyewe lilikuwa dogo: alikwenda na kitambulisho, akatia sahihi, akarudi nyumbani kula. Lakini mwulize yeyote aliyehamia nchi za watu, atakuhadithia siku hiyo kwa urefu, hata na meza aliyokalishwa na maneno ya karani, maana ndiyo siku aliyotambua kwamba viza ilimruhusu kuingia katika nchi, ila kuishi ndani yake ni ruhusa nyingine.

Mimi nilikwenda kusoma Bayreuth, mji wa kusini mwa Ujerumani ambao wapenzi wa Kiswahili wanaujua kwa kongamano la lugha yetu lifanyikalo huko. Serikali ya Ujerumani humtaka mwanafunzi atokaye kwetu athibitishe, kabla ya kupewa viza, kwamba anayo masurufu ya mwaka mzima, na njia ijulikanayo zaidi ni kuziweka fedha hizo katika akaunti iliyofungwa, ambayo mwenyewe haruhusiwi kuigusa ila kwa kiasi maalumu kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Na katika jamaa za kwetu Tanga fedha za namna hiyo hazitoki mfukoni mwa mtu mmoja, bali huchangwa na wajomba na mashangazi, na pengine shamba la minazi huuzwa. Mali hiyo hutangulia Ujerumani kabla ya mwenyewe. Naye akishafika hukuta kwamba mgawo wake wa mwezi haumfikii mkononi mpaka awe na akaunti nyingine, ya kawaida, na hiyo ya kawaida ndiyo asiyopewa.

Karani wa benki niliyoiendea, mtu wa adabu, alitaka hati ya kusajiliwa makazi. Hati hiyo hutolewa na ofisi ya manispaa, ambako kila anayehamia hutakiwa ajiandikishe katika muda wa wiki mbili, na haandikishwi pasi na barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba amehamia kwake. Mwenye nyumba naye alitaka kwanza aione kodi ikipita benki, taslimu hakuzitaka. Watu wa bima ya afya, ambayo bila hiyo chuo hakimwandikishi mwanafunzi, walitaka nambari ya akaunti ili wakate ada yao kila mwezi. Kwa majuma matano nilizunguka baina ya milango hiyo, nikilala chini katika chumba cha mwenzangu na kula kwa mkopo, ilhali fedha zilizochangwa na jamaa zangu zilikuwa katika nchi ile ile, kwa jina langu mwenyewe. Sijapata kujiona fakiri kama siku zile.

Aliyenitoa ni mwenyeji mmoja wa Lamu, aliyenitangulia huko kwa miaka mingi. “Ndugu yangu,” akanambia, “wewe wenda kuomba. Rudi kesho, uwambie wataka akaunti ya msingi kwa mujibu wa sheria, na wakikataa wakuandikie sababu.”

Na sheria hiyo ipo. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba kila mtu akaaye kihalali katika nchi zake ana haki ya akaunti ya msingi, hata awe hana anwani ya kudumu, hata awe ni mwombaji hifadhi. Ujerumani ikaitia katika sheria zake, ikaanza kutumika tarehe 19 Juni 2016: benki impe mwombaji akaunti ndani ya siku kumi za kazi, na ikimnyima imweleze sababu kwa maandishi, naye aweza kushitaki kwa mamlaka inayosimamia mabenki. Ufaransa walitangulia katika jambo hili tangu 1984, na huko aliyekataliwa huchaguliwa na benki kuu ya nchi benki itakayolazimika kumpokea. Akaunti ya msingi haina mkopo, lakini mshahara huingia, kodi hutoka, kadi hufanya kazi. Mimi yangu niliipata kabla ya siku kumi kuisha. Karani yule hakunidanganya. Alinyamaza, na fomu ilikuwamo ndani ya jengo lake tangu siku ya kwanza niliyoketi mbele yake, kwani sheria inaibidi benki iwe nayo. Hilo ndilo kosa ninalolishitaki.

Wako wasemao kwamba benki zina udhuru, madhali zimebebeshwa dhima ya kumjua kila mteja ili fedha haramu zisipite. Udhuru huo nausikia, na agizo lenyewe la Ulaya halikuziondolea benki dhima hiyo. Lakini mtu aliyenyimwa akaunti haachi kufanya kazi wala kupeleka fedha kwao. Hulipwa taslimu bila risiti, tajiri wake akampunja asiwe na ithibati ya kumshitaki, kisha hizo zilizobaki huzipeleka kwa mkono wa msafiri, pasipo jicho la serikali kuziona.

Nasi pia tuna wageni. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 imemkubalia mkimbizi kufanya kazi. Walakin Mkongo aliyeishi Nairobi miaka kumi, ashonaye nguo na kusema Kiswahili kama sisi, akienda na kitambulisho chake cha mkimbizi kusajili laini ili apate M-Pesa, mara nyingi hurudishwa, akalazimika kutumia laini ya rafiki, na siku rafiki huyo akihama au akigeuka, akiba nayo imekwenda.

Nawasihi wabunge wetu, wa Nairobi na wa Dodoma, waandike kifungu kimoja: akaaye nchini kwa hati halali afunguliwe akaunti katika siku zisizozidi kumi za kazi, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi. Nawe msomaji, ukiwa na ndugu aelekeaye Ujerumani, mfundishe jina la akaunti hiyo kabla hajapanda ndege. Huitwa Basiskonto, na fomu yake hutolewa bure.