Spana Yako, Roho za Wenzako



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wa chama, kijana mmoja wa mwaka wa pili wa uhandisi alinivuta pembeni. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akatoa simu, akanionyesha picha: mtungi wa duara kama tairi, reguleta, injekta nne, waya zimefungwa kama tambi, na mkungu wa bomba za shaba. Vyote vimetolewa kwenye gari lililokwenda skrepa. Amevinunua kwa mtu, paundi 350. "Mjomba, Jumamosi hii tunaifunga kwenye gari langu. Wenzangu wanasema wewe ulishafanya zamani."

Nikamwambia hapana. Akaniangalia kama mtu aliyenyimwa chumvi. "Mbona wewe ulifunga mwenyewe?"

Swali lake ni la haki. Pale nilijibu ovyo ovyo kwa kuwa watu walikuwa wanasubiri ufunguo wa ukumbi. Leo nalijibu mbele yenu wote, maana najua si yeye peke yake mwenye wazo hilo. Petroli inauma, gari la mwanafunzi ni kuukuu, na sisi watu wa Afrika Mashariki hatuoni sababu ya kumlipa mtu kazi ambayo mikono yetu inaiweza.

Kwanza tuelewane tunazungumzia gesi gani. LPG ni ile ile jamii ya gesi ya jikoni, propani na butani, iliyosindikwa hadi ikawa maji ndani ya mtungi. Gari la petroli halibadilishwi injini. Linaongezewa tu mtungi nyuma, bomba la kuileta gesi mbele, reguleta inayopashwa moto na maji ya rejeta ili yale maji ya gesi yawe hewa, injekta zake, na kompyuta ndogo inayoamua lini iwake. Unawasha kwa petroli, injini ikishapata joto inahamia kwenye gesi yenyewe, wala abiria hajui. Ukisoma hivyo unasema, aa, hii kazi ya Jumamosi moja.

Ndivyo nilivyosema mimi mwaka 2006. Wakati ule hapa Uingereza lita ya LPG ilikuwa takriban nusu ya bei ya petroli, na vituo vya kujazia vilizidi 1,000. Mimi na jirani yangu wa Mombasa, fundi wa kweli aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, tulifunga gesi kwenye Volvo yangu ya stesheni nje ya nyumba tuliyopanga. Tulianza asubuhi ya Jumamosi, tukamaliza Jumapili jioni giza likiingia. Mtungi tuliulaza kwenye shimo la spea. Tukapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya chini ya boneti, hakuna povu. Kule nyuma kwenye mtungi tulikuwa tumeshafunika kifuniko na kurudisha zulia. Bwana, giza, baridi, njaa. Tukaambizana kule nyuma tumekaza vizuri, tunajua.

Kwa wiki tatu nilitembea kifua mbele. Kila aliyenipa mkono nilimfungulia boneti.

Jumamosi ya nne tulikwenda London kwenye arusi, watu watano ndani ya gari, akiwemo dada mmoja wa Tanga na mwanawe wa mwaka mmoja aliyelala kiti cha nyuma. Tukiwa tunarudi usiku, vioo vimefungwa kwa baridi, dada akasema, "Jamani, mimi nasikia harufu ya gesi." Sisi wanaume wawili mbele tukacheka. Tukamwambia magari ya gesi ndivyo yalivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ambayo sijaisahau: "Simamisha gari, nashuka na mwanangu."

Tukasimama kwenye eneo la mapumziko. Tulipofungua buti, harufu ilitupiga usoni.

Hapo ndipo nikajifunza nilichopaswa kukijua kabla ya kushika spana. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikapotea, bali inatambaa chini, inajaa kwenye mashimo na kulala sakafuni. Lita moja ya maji yake ikivuja inakuwa zaidi ya lita 200 za hewa ya gesi, na ikifika kama sehemu 2 kwa 100 ya hewa iliyomo mahali, cheche moja inatosha. Cheche haitafutwi mbali: swichi ya taa ya buti, kiberiti cha mwenzetu aliyekuwa anataka kuvuta sigara. Ndugu zetu wa Nairobi hawana haja ya kuelezwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa.

Tulifungua milango yote, tukasogea mbali na gari, tukakaa kwenye baridi mpaka harufu ilipoisha. Jirani akafunga valvu ya mtungi kwa mkono, tukarudi nyumbani kwa petroli, vioo wazi, mtoto amefunikwa makoti matatu. Hakuna aliyezungumza.

Siku ya pili yake nikampigia simu fundi mmoja mwenye cheti cha kufunga LPG. Mzee wa Kiingereza, mpole. Hakutucheka. Alikuja na kifaa kinacholia kikinusa gesi, akakaa saa mbili chini ya gari. Alikuta nati moja kwenye mtungi imekaa juu ya bomba lililokatwa upande. Mpira wa kile kifuniko cha kuzuia gesi isiingie ndani ya gari ulikuwa umebanwa na zulia, hivyo haukuziba. Bomba lilipotoboa bodi halikuwekewa mpira wa kulilinda, kwa hiyo kila tuta lilikuwa linalisaga taratibu. Na klipu mbili zilikuwa karibu mno na ekzosi. Makosa manne, na gari lilikuwa linakwenda vizuri kabisa!

Hilo ndilo jibu langu kwa yule kijana. Kazi mbaya ya petroli inajitangaza: gari halitawaka, litakohoa, litazimika njiani. Kazi mbaya ya gesi inaweza kukupa gari tamu na laini huku inakusubiri. Kwa hiyo mtu aliyeifunga hawezi kuwa ndiye mwenye kuikagua. Si kwamba hajui. Jirani yangu alijua kuliko mafundi wengi wa hapa. Lakini macho yaliyokaza nati yanaiona nati iliyokazwa. Yanahitajika macho mengine, ya mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Najua mtakayosema. Mtasema hivi vyeti ni biashara, njia ya kumkamua mgeni. Mengine ni kweli, mimi mwenyewe nimelipia makaratasi mengi katika nchi hii ambayo sikuona faida yake. Tena sheria ya hapa haikukatazi kufunga mwenyewe gari lako. Lakini inakutaka ubadilishe aina ya mafuta kwenye kitabu cha gari, ukaguzi wa MOT wa kila mwaka utaangalia uvujaji, na kampuni ya bima lazima uiambie. Nyingi zitataka cheti. Ukinyamaza, siku ya ajali unaweza kujikuta huna bima, na deni la mtu uliyemgonga halifutwi kwa kuwa wewe ni mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiko kijana alikoanzia. Tuchukue gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100, na mwanafunzi anayetembea kilomita 5,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 450. Tuseme petroli ni paundi 1.40, atatumia paundi 630. Gesi ina nguvu ndogo kwa lita, kwa hiyo itakula kama robo zaidi, tuseme lita 562. Kwa senti 90 ni paundi 506. Ameokoa paundi 124 kwa mwaka mzima. Toa petroli ya kuwashia kila asubuhi, toa gharama ya kukagua, na kumbuka baadhi ya injini, hasa za Kijapani, siti za valvu zake ni laini na gesi huzila mapema. Vifaa vya paundi 350 vitajilipa lini? Gari lenyewe litakuwa hai? Isitoshe, vituo vya LPG hapa vimepungua sana miaka hii. Kijana atazunguka mji kutafuta pa kujazia. Na akitaka kwenda Ufaransa, treni ya magari ya chini ya bahari haipokei gari la LPG.

Kwa dereva wa teksi hesabu ni nyingine. Kwa anayekwenda kazini maili 50 kila siku, ni nyingine. Mimi sikatai gesi. Nakataa kuchezea roho za watu kwa paundi 124.

Ukiwa umekata shauri, basi fanya hivi. Kabla ya kununua hata nati, tafuta fundi mwenye cheti atakayekubali kukagua kazi yako, maana wengi hawakubali kuweka sahihi kwenye kazi ya mtu mwingine. Ukimpata, muulize anataka vifaa vya aina gani. Wewe fanya kazi ya kutoboa, kufunga mtungi, kupitisha waya. Maungio yote ya gesi yaache wazi mpaka ayaone. Mtungi usiujaze zaidi ya asilimia 80, na usichezee kile kifaa kinachozuia, kwani gesi ikipata joto inatanuka na inahitaji nafasi. Mtungi wa jikoni usiufunge kwenye gari kamwe, hata kwa majaribio. Na mtu yeyote akisema anasikia harufu, simama. Usicheke.

Nilipomweleza kijana sehemu ya haya, akaniambia neno lililonifanya niketi kuandika. "Mjomba, mimi sitafuti hela ya petroli tu. Nataka nijifunze, nikirudi Dar nifungue gereji ya gesi."

Hapo nikampa mkono. Lakini nikamkumbusha kwamba gesi ya magari inayosambaa Dar siyo hii. Ile ni gesi asilia, inayotoka kwetu, Songo Songo na Mnazi Bay. Inabanwa kwenye mtungi kwa nguvu ya baa kama 200, wakati LPG siku ya kawaida haifiki hata 10. Mtungi wa hii hauwezi kubeba ile, na asije mtu akamdanganya kwamba gesi ni gesi. Kitakachomfaa kutoka huku si reguleta ya skrepa. Ni tabia ya yule mzee: kuacha maungio wazi, kupima, kuandika alichokiona, na kumpa mwenye gari karatasi yenye jina lake. Bajaji iliyobeba watoto wa shule inahitaji hiyo tabia kuliko inavyohitaji fundi hodari.

Jumamosi hii tutakutana, mimi na yeye, kwenye gereji ya mtu mwenye cheti aliyekubali tumtazame akifanya kazi. Vile vifaa ameviweka chini ya kitanda chake kwa sasa. Nimemwomba asiwaambie wenzake wa chumba ni vya nini.

Dada wa Tanga, kama gazeti hili linakufikia huko uliko, mwanao sasa ni mtu mzima. Ahsante kwa kutusimamisha.

Nawasilisha.